Mtoto wa Iowa na Barua ya «Hapana»: Historia Fupi ya Asiransi ya Watoto Wenye Mahitaji ya Pekee Kule Marekani



Tarehe 10 Novemba 1981, Ronald Reagan, rais wa Marekani, alikuwa anajibu maulizo ya waandishi wa habari. Alitaka kuonyesha namna gani masharti ya serkali yanaweza kukosa akili. Akatoa mfano wa mtoto mmoja wa kike wa miaka 3, aliyelazwa hospitalini huko Iowa. Waganga walisema anaweza kurudi nyumbani. Wazazi walimtaka nyumbani. Kumtunza nyumbani kulikuwa bei ndogo kuliko hospitalini. Lakini akitoka tu hospitalini, asiransi ya serkali inakatika. Ndiyo maana aliendelea kulala kwenye kitanda cha hospitali, ugonjwa ulikuwa umeruhusu, karatasi ndizo zilikataa.

Mtoto yule aliitwa Katie Beckett. Naandika historia yake, na ya sheria zilizomtangulia na zilizomfuata, kwa sababu mbili. Ya kwanza: wengi wetu tuko na ndugu kule. Wakongomani kwa maelfu wamepokelewa Marekani kama wakimbizi, wengi wao kupitia Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, na kati yao kuna wazazi wenye mtoto asiyetembea, asiyesema, ama mwenye kifafa. Ya pili: hapa kwetu tumeanza kuongea sana juu ya Couverture Santé Universelle na mutuelle za afya. Ni vizuri tujue wengine walipita wapi.

Mimi nilisoma agronomia, si sheria wala udaktari. Lakini mtu aliyesomea maji ya kumwagilia anajua ulizo moja: maji yakifunguliwa kwenye chanzo, je, yanafika kwenye shamba la mwisho wa mfereji? Mwenye kutembea katika mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi anajua kwamba jibu si ndiyo kila siku. Kwa ulizo hilo nitasoma historia hii.

1. Malipo ya forfe yalianzia kwenye mfereji

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1933, katika jangwa la kusini mwa California, maelfu ya wafanyakazi walikuwa wanajenga mfereji mkubwa wa kuleta maji ya mto Colorado upande wa Los Angeles. Munganga kijana, Sidney Garfield, akajenga hospitali ndogo karibu nao. Biashara ikaanza kumshinda: wagonjwa wengi hawakuwa na feza, na kampuni za asiransi zilichelewa kulipa. Ndipo ukafanywa mpango mpya. Munganga alipwe mbele, kiasi kilekile kwa kila mfanyakazi, agonjwe asigonjwe. Kwa magonjwa yasiyotokana na kazi, mfanyakazi alikatwa senti 5 kwa siku.

Sisi tungesema: forfe. Mpango ukakubali. Mwaka 1938 tajiri Henry Kaiser akamwita Garfield kwenye ujenzi wa bwawa la Grand Coulee, kisha kwenye viwanda vya meli wakati wa vita, na mwaka 1945 mlango ukafunguliwa kwa watu wote. Tarehe 29 Desemba 1973, rais Nixon akatia mkono sheria ya kusaidia mashirika ya namna hiyo yaenee katika inchi nzima.

Ni mpango wenye akili. Munganga anayelipwa kwa kila sindano anapata faida mtu akigonjwa. Anayelipwa kwa forfe anapata faida mtu akibaki mzima, kwa hiyo anajihangaisha kuzuia ajali na magonjwa. Lakini tuangalie mpango ulizaliwa kwa nani. Ulizaliwa kwa watu wa kazi, wenye nguvu. Hata kwetu, hospitali za Union Minière kule Katanga zilijengwa kwanza ili wafanyakazi wasikosekane kwenye mgodi. Forfe inakubali vizuri kwa mtu atakayepona wiki ijayo. Mtoto anayepumua kwa mashine hataponeshwa na kinga. Kila mwezi atatumia feza kuliko ile iliyolipwa juu yake. Kwa mwenye kushika forfe, mtoto huyo ni hasara tangu siku ya kwanza. Tushike neno hili, tutarudi kwake.

2. Haki iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto

Upande wa serkali, historia ilienda njia nyingine. Tayari mwaka 1935, sheria ya Social Security iliwapa majimbo feza za kutunza watoto walemavu. Tarehe 30 Julai 1965, rais Lyndon Johnson alitia mkono sheria iliyoanzisha Medicaid, yaani asiransi ya serkali kwa maskini, inayolipwa pamoja na serkali kuu na majimbo, kwa vipimo vinavyobadilika.

Mwaka 1964 kulikuwa kumetoka ripoti moja ya kushangaza juu ya vijana wa kiume na jeshi. Ilisema kwamba wangepimwa wote wanaofika umri wa kuitwa, kama theluthi moja wangekataliwa, wengine juu ya masomo, wengine juu ya afya. Na shida nyingi za afya zilikuwa zile ambazo zingetibiwa kama mtu angezitambua utotoni. Mwaka 1967 bunge likaongeza katika Medicaid haki moja ya watoto, inayojulikana kwa herufi EPSDT. Maana yake kwa kifupi: mtoto achunguzwe mapema, apimwe kwa wakati wake, na akikutwa na shida, atibiwe.

Mwaka 1989 haki hiyo ikapewa nguvu zaidi. Tangu hapo, mtoto wa Medicaid aliye chini ya miaka 21 akihitaji kitu ambacho sheria ya Medicaid inaruhusu kulipia, jimbo lazima limlipie, hata kama jimbo hilo haliwalipii watu wazima kitu hicho. Na sheria haisemi lazima matibabu yaponeshe. Inatosha yanyooshe shida ama yaifanye iwe nyepesi. Kwa mtoto ambaye hatapona, neno hilo ni kila kitu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hatapona kwa kufanyiwa mazoezi ya viungo, lakini mazoezi yanazuia misuli isikaze. Sheria inasema inatosha.

Kuna jiwe lingine la msingi. Mwaka 1970 Korti Kuu ya Marekani, katika kesi ya Goldberg na Kelly, ilihukumu kwamba serkali haiwezi kumkatia maskini msaada wake bila kumpa kwanza nafasi ya kusikilizwa. Kesi ilitoka New York na haikuhusu watoto walemavu. Lakini kila barua ya leo inayosema «huduma hii inakatwa, unaweza kulalamika mpaka tarehe fulani» ina mizizi pale.

3. Katie anarudi nyumbani

Sasa turudi Iowa. Katie Beckett alizaliwa Machi 1978 katika muji wa Cedar Rapids. Akiwa na miezi kama 5, virusi vilishambulia ubongo wake. Alipooza, akawa hawezi kupumua bila mashine. Asiransi ya wazazi ikafika ukomo wake, na Medicaid ikaanza kulipa.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mtoto akikaa hospitalini muda mrefu, sheria ilihesabu feza zake yeye peke yake, na mtoto mdogo hana feza. Akirudi nyumbani, ilihesabu mshahara wa baba na mama. Wazazi wake hawakuwa matajiri, lakini kwa hesabu ya Medicaid walizidi kipimo. Kwa hivi serkali ilikubali kulipa bei kubwa ili mtoto akae mbali na wazazi, na ilikataa kulipa bei ndogo ili akae nao.

Mama yake, Julie Beckett, alikuwa mwalimu. Hakunyamaza. Mbunge wao, Tom Tauke, akachukua dosie. Dosie ikafika kwa makamu wa rais George Bush, na kwa Reagan mwenyewe. Kisha mkutano ule na waandishi wa habari, waziri wa afya Richard Schweiker akatoa ruhusa ya pekee, na Katie akarudi nyumbani mbele ya Noeli ya 1981.

Ruhusa ya mtoto mmoja ingeweza kubaki ya mtoto mmoja. Lakini mwaka 1982 bunge likaiweka katika sheria: jimbo likitaka, linaweza kumpa Medicaid mtoto mlemavu anayetunzwa nyumbani bila kuhesabu mshahara wa wazazi, kama hali yake ingestahili hospitali ama nyumba ya matunzo, na kama kumtunza nyumbani hakupiti bei ya kule. Mpaka leo watu wanaita njia hiyo «Katie Beckett».

Tuangalie maneno mawili pale: «jimbo likitaka». Kuna majimbo yaliyotaka mapema, mengine yakafanya mipango ya kufanana yenye idadi ndogo ya nafasi na orodha ndefu ya kungojea. Tennessee ilipitisha sheria yake mwaka 2019, miaka 37 kisha ile ya bunge. Mtoto aliyezaliwa na hali ya Katie upande mmoja wa mpaka wa jimbo alisaidiwa, wa upande wa pili alingoja.

Katie alikua, akasoma mpaka akamaliza chuo kikuu katika muji wake, akawa anasema mbele ya watu juu ya haki za walemavu. Alikufa Mei 2012, akiwa na miaka 34. Mama yake alisaidia kuanzisha Family Voices, shirika la jamaa zenye watoto kama wake, na aliendelea na kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 2022.

4. Kampuni inasimama kwenye mlango wa maji

Katika mwaka uleule wa 1982 kulitokea jambo lingine. Arizona, jimbo la mwisho kuingia Medicaid, liliingia kwa namna yake: tangu siku ya kwanza likapitisha matunzo kwa kampuni zinazolipwa forfe kwa kila mtu kwa mwezi. Majimbo mengine yakafuata polepole. Mwaka 1997 bunge likaruhusu majimbo kuwalazimisha watu wengi wa Medicaid kujiunga na kampuni bila kuomba ruhusa ya pekee Washington. Watoto wenye mahitaji ya pekee waliwekwa kando: kuwalazimisha wao, bado ruhusa ilitakiwa. Wabunge walijua hesabu ya forfe na mtoto mgonjwa. Lakini ruhusa inaombwa na inapatikana, na majimbo mengi yaliiomba. Leo, karibu watu 3 kati ya 4 wa Medicaid wako chini ya kampuni hizo.

Kwa hivi njia mbili za historia zilikutana. Haki ya 1967 na 1989 inasema: mpe mtoto chote kinachohitajika. Forfe ya 1933 inasema: kilichobaki ni chako. Ni kama kuweka mtu kwenye mlango wa maji ya mfereji na kumlipa kiasi kilekile, apeleke maji mengi ama kidogo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Anaweza hata kugawa maji vizuri kuliko serkali, kwa sababu anajua kila mtaro, na kampuni nyingine kweli zinampa mzazi mfanyakazi wa kumsaidia kupanga waganga, dawa na vifaa. Lakini bila mtu wa kuangalia, shamba la mwisho litakauka.

Mwaka 2007, huko Maryland, Deamonte Driver, mtoto wa miaka 12, alikufa juu ya jino. Ndiyo, jino. Uchafu wa jino bovu ulipanda mpaka kwenye ubongo. Kuling'oa kungekuwa karibu dola 80. Mama yao alikuwa akihangaika kumtafutia ndugu yake munganga wa meno anayekubali Medicaid, na asiransi ya jamaa ilikuwa imekatika. Kwenye karatasi, haki ya meno ilikuwapo tangu miaka 40.

Na mwaka 2023 wakaguzi wa wizara ya afya ya Marekani walitoa ripoti juu ya kampuni kubwa za Medicaid. Katika mwaka wa 2019, maombi ya ruhusa ya matibabu yaliyokataliwa yalikuwa 1 kati ya 8. Majimbo mengi hayakuwa na kawaida ya kuchunguza kama kukataa kule kulikuwa sawa. Na waliokataliwa, wachache sana walilalamika.

5. Barua ikisema hapana

Kwa nini wachache? Yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, alinielewesha. Alipitia kambi ya Nyarugusu, leo anaishi kule na mtoto wake wa kiume asiyeweza kukaa peke yake. Siku moja alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Kampuni ilikuwa imekataa kiti cha magurudumu na kifaa cha kumsimamisha mtoto, ikisema si cha lazima kwa afya. Nilipomuuliza atafanya nini, akanijibu: «Balikatala. Njo bilisha.» Kwa mtu aliyeishi miaka 15 kambini, karatasi yenye muhuri ni hukumu. Tena ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa 6, na haki ya kulalamika ilikuwa kwenye ukurasa wa 4.

Tuliisoma pamoja, neno kwa neno. Munganga wa viungo akaandika barua nyingine, safari hii akieleza wazi: bila kiti mgongo utapinda namna gani, mtoto atakula namna gani, atafika shuleni namna gani. Yaya akalalamika. Kiti kikakubaliwa. Kifaa cha kusimama kikakataliwa tena, naye akaomba kusikilizwa na jimbo. Hakusema tena bilisha.

Wenye ndugu kule, muwaambie mambo haya, maana yako katika masharti ya serkali kuu:

– Tangu tarehe ya barua, mzazi ana siku 60 za kulalamika kwa kampuni, kwa simu ama kwa maandishi. Munganga anaweza kulalamika kwa niaba yake, mzazi akitia mkono.

– Kampuni lazima ijibu ndani ya siku 30. Kama kungoja kunahatarisha mtoto, mzazi ama munganga aombe jibu la haraka, ambalo ni saa 72.

– Kampuni ikikataa tena, kuna siku kati ya 90 na 120, kufuatana na jimbo, za kuomba kusikilizwa na jimbo lenyewe. Kampuni ikipitisha siku zake bila kujibu, mzazi ana ruhusa ya kwenda mbele.

– Kama ni huduma ambayo mtoto alikuwa anaipata na sasa inakatwa, mzazi aombe iendelee, na aombe mapema: mara nyingi ni ndani ya siku 10. Ajue pia kwamba akishindwa mwishoni, anaweza kudaiwa gharama.

– Mtafsiri wa mdomo ni bure, hata wa Kiswahili. Mtoto asigeuzwe mtafsiri wa mama yake.

– Katika kila barua ya munganga, yawekwe maneno ya haki ya mtoto: kitu hiki kitanyoosha ama kitapunguza shida gani.

6. Na kwetu?

Hatuna Medicaid, na sitadanganya mtu kwamba tuko karibu. Lakini hatuko sifuri kwa karatasi. Sheria ya mutuelle ni ya Februari 2017. Sheria ya afya ya Desemba 2018 inataja Couverture Santé Universelle. Sheria ya Mei 2022 inalinda watu wenye ulemavu. Tangu Septemba 2023 kuzalisha bure kumeanza Kinshasa, na kunaendelea kufika majimbo mengine. Sawa.

Ulizo langu ni lile la mfereji. Siku mutuelle ama shirika lingine litakaposhika feza katikati ya serkali na mama wa Kadutu ama wa Uvira mwenye mtoto mlemavu, likisema hapana, litasema kwa maandishi? Kwa lugha gani? Kwa sababu gani? Na mama ataenda kulalamika wapi, kwa siku ngapi? Wamarekani walikuwa na feza mingi, na bado mtoto wa Maryland alikufa juu ya jino. Feza peke yake haifikishi maji. Kilichomfikisha Katie nyumbani ni mama aliyeuliza sababu, mbunge aliyebeba dosie, na sheria iliyoandikwa kisha ili mama mwingine asianze upya.

Kati yetu kuna wanasheria, waganga, watu wa uchumi, watu wa afya ya jamii. Maandishi ya kutumikisha sheria hizi yanaandaliwa na watu wenye lisanse kama sisi. Yatakapofika mezani kwenu, tafuteni ukurasa wa kulalamika. Kama haupo, uandikeni. Na kama upo kwenye ukurasa wa 4, upelekeni kwenye wa kwanza.